Mbili kwa Kumi

Wiki mbili zilizopita nilikuwa wodini saa ya kuona wagonjwa, nimekaa kwenye kile kiti cha plastiki kisichotulia, nammenyea Baba chungwa. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi akavunjika nyonga, wakamfanyia upasuaji, na hiyo ilikuwa siku ya tatu. Mama mmoja alikuwa anapiga deki katikati ya vitanda kwa maji yaliyotiwa klorini nyingi, harufu ikanipanda puani mpaka macho yakaniwasha. Ndipo muuguzi akaja na faili lake, msichana mdogo mwenye sauti ya upole, akamwinamia Baba.

"Mzee, maumivu leo ni ngapi kwa kumi? Sufuri ni hakuna kabisa, kumi ni yale ya kupiga nduru."

Baba alinitazama mimi kwanza. Halafu akamwambia, "Mbili, mwanangu. Andika mbili."

Muuguzi akaandika, akatabasamu, akaenda kitanda cha pili. Mimi nikaweka chungwa chini, nikatoka nje kwenye korido, nikaegemea ukuta na kulia. Mwanamke mmoja aliyepita akanishika mkono akanipa pole, akidhani nimefiwa. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba nalilia bega? Bega langu la kulia, la zamani, na kijitabu cha bluu, na mwanamume aliyeitwa Kocha Wafula ambaye sina kinyongo naye hata chembe.

Tulikaa Hurlingham, lakini usikimbie kunionea wivu. Tulikaa katika vyumba viwili vya wafanyakazi nyuma ya maghorofa, kando ya pipa la taka, kwa sababu Baba ndiye aliyekuwa mtunza nyumba. Alibadilisha balbu za ngazini, alizibua sinki za watu, aligombana na mafundi wa pampu, na kila asubuhi alisafisha kidimbwi cha kuogelea cha wapangaji kwa wavu wenye mpini mrefu. Baba alikuwa Mkamba wa Machakos kwenyewe, kule kusikokuwa na maji ya kumfikia mtu kiunoni. Aliyaheshimu yale maji ya kidimbwi kama mtu anavyomheshimu mbwa wa jirani. Siku niliyojitosa mara ya kwanza, wapangaji wakiwa kazini, alinifuata ukingoni hatua kwa hatua, ameunyoosha ule wavu juu ya kichwa changu, tayari kunivua.

"Mwende, shika ukuta! Shika ukuta, nimesema!"

Sikuushika. Nilikuwa nimewatazama watoto wa wapangaji wakifundishwa kila Jumamosi, na nilikuwa nimejua kila kitu kichwani kabla mwili haujalowa. Aliyewafundisha ndiye Kocha Wafula, mtu mrefu wa kutoka Bungoma, kifua kipana, filimbi shingoni. Siku moja alisahau saa yake, akarudi kuichukua, akanikuta peke yangu majini. Akamgeukia Baba, aliyekuwa ukingoni na wavu wake.

"Baba Mwende," akauliza, "huyu mtoto nani amemfundisha?"

Baba akaogopa, akidhani atashtakiwa kwa wapangaji. "Hakuna, Kocha. Anaiba na macho tu."

"Basi wacha na mimi niibe," akasema Kocha. Akaniingiza katika klabu yake.

Klabu ilifanyia mazoezi katika bwawa la shule moja kule Karen, shule yenye miti mirefu na nyasi zilizokatwa vizuri kuliko nywele zangu. Na hapa ndipo roho zetu zilipokuwa. Kila mwisho wa mwaka shule ile ilifanya majaribio ya kuogelea, na watoto waliofanya vizuri walipewa nafasi ya kidato cha kwanza. Mimi nilikuwa darasa la saba. Majaribio yangu yalikuwa mwaka uleule, ili nafasi iningoje nikimaliza la nane. Baba hakusema "ukienda sekondari" tena. Alisema "ukienda Karen." Alimwambia mlinzi wa geti, alimwambia mwanamke wa kuuza mahindi pale nje, aliwaambia wapangaji ambao hawakuwa wamemuuliza. Mimi nilikuwa nikisikia hivyo nanyoosha mgongo.

Mwaka huo Kocha alinitoa kundi la wadogo, akaniweka kundi la wakubwa. Mita zikawa maradufu ndani ya mwezi mmoja. Gari la klabu lilinichukua asubuhi kabla ya shule, likanichukua tena jioni. Tulivaa vibao vya plastiki viganjani ili maji yawe mazito, tukazungusha mikono mpaka ukifika nyumbani na kulala unahisi bado inazunguka yenyewe. Mwanzoni nilipenda. Kisha kitu kikaanza kukwaruza ndani ya bega la kulia, mahali ambapo kidole hakifiki. Nikivaa sweta ya shule nikawa nautanguliza mkono ule mbovu, naupitisha polepole, halafu ndiyo huo mwingine. Sikumwambia mtu. Mama alifanya kazi katika duka la nati na bolti River Road, akisimama kutwa nzima, na jioni alilowesha miguu katika karai la maji moto bila kulalamika. Nikaona nyumbani kwetu kuumwa ni sehemu ya kazi.

Sasa, Kocha hakuwa mtu mkatili. Nataka hilo lieleweke, kwa maana nimesikia watu wakisimulia makocha wao kama mashetani. Huyu alikuwa ameogelea ujanani mpaka bega lake likafa. Mkono wake wa kulia haukuvuka sikio, akitaka kutuonyesha kitu cha juu alitumia wa kushoto. Ndiyo maana alikuja na vile vijitabu. Alivichapisha River Road, vya jalada la bluu, kimoja kwa kila mtoto, ili ajue mapema bega la nani limeanza kulalamika na ampunguzie kazi. Aliwakusanya wenzangu Jumamosi akawaeleza kila kitu kwa utaratibu. Mimi sikuwepo. Tulikuwa Machakos tukimzika nyanya yangu, na tulirudi Jumanne jioni.

Jumatano nikapewa changu. Ndani kulikuwa na safu tatu: tarehe, mita, na ya mwisho imeandikwa "Bega", mbele yake mstari mtupu, kisha "/10".

"Ujaze ukimaliza mazoezi," Kocha akaniambia huku akikimbilia watoto wengine. "Na usinidanganye, mtoto. Hapo kwa bega andika ukweli."

Wenzangu wa rika langu, nyinyi mliosahihishiwa kwa kalamu nyekundu tangu chekechea, niambieni nyinyi. Ukipewa karatasi yenye mstari na chini yake kumi, kuna la kuuliza? Kumi ni mtoto mzuri. Sufuri ni kuitwa mbele ya darasa. Tulipimwa hivyo katika hisabati, katika Kiswahili, katika usafi wa kucha. Nikaona sasa wameanza kupima hata mabega, na langu siku hiyo lilikuwa hovyo kabisa. Nikaandika tatu. Niliandika kwa aibu, nimefunika kwa kiganja.

Kocha akachukua kijitabu, akasoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Tatu. Sawa, tunaweza kuendelea." Kesho yake akaniongezea kazi.

Nikaona ni haki. Ukifeli unaongezewa, si ndiyo? Mwalimu wetu wa hisabati alifanya vivyo hivyo. Ijumaa bega lilikuwa limekwisha, sikuweza kufunga hata rinda langu mgongoni, nikaandika mbili.

"Mbili! Safi sana, Mwende," Kocha akasema.

Yule mwalimu wa hisabati naye alikuwa na tabia ya kutuambia "hongera" kabla ya kutupa adhabu. Nikainamisha kichwa. Jumamosi tukaogelea mita nyingi kuliko siku zote.

Nilianza kuchungulia vijitabu vya wengine. Kulikuwa na msichana aliyeitwa Tasha, wa huko huko Karen, ambaye kwao kulikuwa na bwawa uani. Tasha aliandika sufuri. Kila siku sufuri, na ndani ya ile sufuri alichora macho na mdomo unaocheka. Maskini Tasha! Nilimhurumia mpaka nikawa namgawia njugu zangu. Nikajiambia, huyu kwao wana kila kitu lakini bega lake halijawahi kupata hata moja, na wala haoni haya. Halafu kulikuwa na Brian. Brian alipata nane. Akipata nane Kocha alimfunika kwa taulo, akamwekea barafu begani, akamkalisha kivulini, na Brian akakaa pale akila krispi huku sisi tukihangaika majini. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi ya nane! Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikamfuata.

"Brian, niaje. Unafanyaje ndio upate nane?"

Akanitazama kama mtu aliyepungukiwa na akili. "Wee Mwende, kwani unadhani naitafuta? Inakuja tu."

Nikamchukia siku nzima. Nilimwona ni wale watoto wa kupata alama bila kusoma, halafu wanajidai hawajui zilikotoka.

Nyumbani mambo hayakuwa bora. Mama alikagua daftari zangu zote kila Ijumaa, na akakifikia kile cha bluu.

"Mbili?" akauliza. "Mbili kwa kumi, Mwende? Hata mtu akikaa tu bila kufanya kitu anapata tatu! Kule Karen unapelekwa na gari kila siku kufanya nini, kutazama miti?"

"Najaribu, Mama."

"Haujaribu. Majaribio ni mwisho wa mwaka, na wewe uko na mbili. Ongeza bidii."

Nikaongeza. Naapa niliongeza. Mtoto wa miaka kumi na miwili akiambiwa bega lake halina bidii atafanya nini? Nilitangulia kuingia majini, nikatoka wa mwisho.

Jumapili hatukuwa na mazoezi. Tulienda kanisani, na tukirudi, kama pampu ilikuwa imekufa, na ilikuwa imekufa mara nyingi kuliko ilivyokuwa hai, mimi na Baba tuliwapandishia wapangaji maji. Baba alibeba mitungi miwili ya manjano ya lita ishirini, mmoja kila mkono, mpaka ghorofa ya nne. Mimi nilibeba kadumu ka lita tano kwa mkono wa kushoto, nikimfuata nyuma. Tulipumzika kila baada ya ngazi, yeye akinieleza habari za wapangaji, nani mchoyo, nani anafuga paka kisirisiri. Sijui kama kuna saa niliyoipenda kuliko hiyo. Na Jumatatu, baada ya bega kupumzika siku nzima, lilikuwa afadhali kidogo. Nikaandika sita, tena kwa fahari, kwa tarakimu kubwa.

Kocha akakunja uso. "Sita? Jumapili ulifanya nini?"

"Nilienda kanisa. Halafu nikabeba maji na Baba."

"Maji! Mpaka juu?"

"Mpaka nne," nikasema, nikijivuna.

Akapumua kwa nguvu. Siku hiyo akanipa mazoezi mepesi, ya kupiga miguu tu, na barafu juu. Nikakaa kivulini kando ya Brian nikijiona nimefika. Kumbe sita nayo ina zawadi yake! Lakini jioni Kocha akanipa karatasi nimpelekee Baba, na Baba akaisoma akiwa amesimama kando ya mita za stima, na bisibisi mkononi. Ilisema bega langu linarudi Jumatatu likiwa baya, na kwamba anaomba kwa heshima nisibebeshwe maji.

Baba aliisoma mara mbili. Kisha akaniuliza, "Leo Jumatatu umepata ngapi?"

"Sita."

"Na Ijumaa?"

"Mbili."

Akajikuna kidevu kwa ile bisibisi. "Na Kocha anasema Jumatatu ndiyo mbaya?"

"Sijui, Baba. Mwalimu ni yeye."

Aliitazama karatasi, akanitazama mimi. Nilimwona akifungua mdomo. Halafu akaikunja ile karatasi mara nne na kuitia mfukoni. "Haya," akasema. "Mwalimu ni yeye."

Kuanzia hapo Baba alibeba maji peke yake. Nilikaa ngazi ya kwanza nikimtazama akipanda, akishuka, na alipopita alisema tu, "Kaa hapo. Pumzisha mkono." Nilidhani nimeadhibiwa. Nikazuiwa pia kufua, nikazuiwa kufagia, Mama akanuna kwamba nyumba hii sasa ina malkia. Na Jumatatu nikaandika sita tena, maana bega kwa kweli lilikuwa limetulia, na Kocha akaniuliza kama bado nabeba. Nikasema hapana. Akanitazama kwa huruma, na nikajua haniamini.

Jumamosi akaja mwenyewe. Mimi nilikuwa ndani, mlango umeegeshwa, nikasikia yote.

"Baba Mwende, samahani. Mimi najua maisha ni ngumu, kila mtu anasaidia nyumbani. Lakini huyu mtoto ako na kipaji, na bega ikiharibika imeharibika. Mimi ni shahidi. Nakuomba tu, kama mzazi."

Baba hakuwa amenibebesha hata kikombe. Angeweza kusema. Angeweza kumwita Mama ashuhudie kwa hasira zake zote za kufua. Lakini alikuwa amesimama na ovaroli yake mbele ya mwalimu aliyekuwa ameushika mlango wa Karen mkononi, akavua kofia.

"Nimekusikia, Kocha," akasema. "Makosa ni yangu."

Na mimi nilikuwa pale nyuma ya mlango na ulimi wangu mzima. Sikutoka. Mpaka leo nikikumbuka hilo najisikia vibaya kuliko nilivyowahi kusikia bega.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu kwa majaribio. Ijumaa moja, tukiwa kwenye kipepeo, ule mtindo wa kutoa mikono yote miwili majini kwa pamoja, mkono wangu wa kushoto ulitoka na wa kulia ukakataa. Hapakuwa na mlio wala kishindo. Nilihisi kama kisu cha moto, na mkono ukabaki chini ukining'inia kama si wangu. Nikameza maji. Nikaikumbatia kamba ya kugawa njia, nikaanza kulia humo humo. Kocha aliruka na nguo zake zote, na saa, na filimbi, akanibeba mpaka ukingoni.

"Mwende, mtoto, si ungesema! Kwa nini hukusema?"

Sikuelewa alikuwa anauliza nini.

Siku iliyofuata tulikuwa kwa daktari wa viungo, ghorofa ya pili juu ya maduka kwenye barabara ya Argwings Kodhek, dakika kumi kwa miguu kutoka kwetu. Baba alikuja na ovaroli. Kocha alikuja na kijitabu changu cha bluu. Daktari, mwanamke mnene mwenye vidole vya joto, alinipapasa bega, akauinua mkono kidogo, nikapiga ukelele.

"Pole, mrembo. Hiyo imeuma ngapi kwa kumi?"

Nikatazama chini. Mbele ya Baba, mbele ya Kocha, ilibidi niseme. "Moja," nikanong'ona, machozi yakinitiririka.

"Moja tu? Na unalia hivi?"

"Ni moja, daktari. Imefeli kabisa."

Akauachia mkono wangu polepole. Alinitazama, akavuta kiti, akakaa tukawa sawa macho kwa macho. "Ehe. Na kama bega lingekuwa zima kabisa, zuri, halina shida yoyote, ungelipatia ngapi?"

"Kumi," nikasema. Nilishangaa daktari mzima kuuliza jambo kama hilo.

Kocha akafungua kile kijitabu kuanzia mwisho, akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Niliona midomo yake ikisoma. Mbili, mbili, moja, tatu, Jumatatu sita. Alipofika ukurasa wa kwanza akakifunga, akakishika kwa mikono yote miwili.

"Alikuwa ananiambia," akasema. "Kila siku alikuwa ananiambia, na mimi namwongezea."

Halafu mtu huyo mkubwa na kifua chake kipana akatoka nje, na tukamsikia akikaa kwenye ngazi.

Daktari alieleza mengine taratibu, akitumia ngumi yake na kisahani cha kikombe. Bega ni mpira umekaa juu ya kisahani kisicho na kina, akasema, na kinachoushikilia ni nyuzi. Ukizungusha mkono mara nyingi mno, ukaongeza haraka mno, bila kupumzika, nyuzi zinasuguliwa mpaka zinavimba na kuchanika. Si maji ya mtungi yaliyofanya hivyo, akamwambia Baba, wala si uvivu wa mtu. Nisiogelee miezi mitatu. Baada ya hapo tuanze upya, polepole, kama mtoto anayejifunza.

"Na nafasi yangu?" nikauliza. "Na Karen?"

Baba alinivalisha sweta, akiutanguliza ule mkono mbovu, polepole, na ndipo nikajua kumbe alikuwa ameniona nikifanya hivyo.

Jumapili baada ya kanisa pampu ilikuwa imekufa. Baba alikuwa ameshajaza mitungi pale bombani wakati Kocha Wafula alipoingia getini na suti ya michezo. Hakusalimia kwa maneno mengi. Aliomba radhi kwa Mama kwanza, Mama akamjibu kwa ukali, kisha akaenda kumchemshia chai. Halafu Kocha akaja pale bombani, akainama, akaushika mtungi kwa mkono wa kushoto, ule mzima.

"Ghorofa gani, Mzee?"

"Kocha, wacha bwana. Hii si kazi yako."

"Ghorofa gani?"

"Nne," Baba akasema.

Wakapanda. Walipanda na kushuka mpaka matangi yote ya juu yakajaa, wanasikika wakihema ngazini. Mimi nilikaa ngazi yangu ya kwanza. Walipomaliza wakakaa kila mmoja juu ya mtungi mtupu, wakanywa chai, na Kocha akaniomba msamaha mbele ya baba yangu, kwa sauti, kama mtu anavyomwomba mtu mzima. Kutoka wiki hiyo kila kijitabu kilikuwa na uso unaocheka umechorwa kwa kalamu kwenye sufuri na unaolia kwenye kumi, na kila mtoto alilazimika kumweleza yeye maana yake kabla ya kuingia majini. Tasha alisema alidhani nilikuwa nampa zile njugu kwa sababu nampenda. Nikamwambia ni kweli, na wakati huo ilikuwa kweli.

Kocha alipoondoka, Baba alibaki amekaa juu ya mtungi. Akatoa mfukoni ile karatasi, imekunjwa mara nne, imelainika kwa jasho.

"Mimi niliona, Mwende," akasema. "Ulipoileta hii niliona hesabu haziingiani. Ijumaa mtoto anatoka amekunja mkono, Jumatatu anaimba. Na hapa imeandikwa kinyume. Niliona. Nikaogopa kuuliza, nikasema nisije nikaonekana mshamba wakakunyima nafasi."

"Hata mimi sikuuliza, Baba."

"Wewe ni mtoto. Mimi ndiye nilikuwa niulize."

Nilitaka kumwambia habari ya nyuma ya mlango, lakini sikumwambia. Nikaenda nikaegemea ubavu wake, nikakaa pale.

Sikwenda Karen. Nilienda shule ya kutwa, nikarudi majini mwaka uliofuata, nikaogelea miaka kadhaa, nikashinda mashindano mawili matatu madogo ambayo Baba aliyasimulia getini kama Olimpiki. Leo nafanya kazi ya ofisi, naogelea Jumamosi bila saa, na kukiwa na baridi ya Julai bega hunikumbusha. Mkono wangu wa kulia unafika juu kidogo ya sikio. Nimemzidi Kocha kidogo tu.

Basi pale koridoni nilifuta macho kwa kanga ya yule mama aliyenipa pole, nikamshukuru, nikarudi wodini. Baba alikuwa amelala chali, vidole vimekamata pembe ya shuka, na chungwa halijaguswa. Nikakaa. Nikamsogelea.

"Baba. Ile mbili."

"Ee?"

"Ni mbili ya Kocha, au ni mbili yangu?"

Akatazama dari. Akajaribu kucheka, kicheko kikakatika katikati na uso wote ukajikunja. "Wewe nawe," akasema. "Huyo msichana ana wagonjwa wengi. Tusimsumbue."

"Baba, nimeuliza."

Alifumba macho. Yule mama wa deki akakamua tambara lake kwenye ndoo.

"Ni yako," akasema. "Ni yako ya Ijumaa."

Nikasimama katikati ya wodi, nikainua mkono wa kulia juu kadiri ulivyokubali, nikamwita muuguzi.